X Iliyokataa Rangi

Siku mwenyekiti wa serikali ya mtaa alipotangaza kwamba barabara imehamishwa, kwamba sasa itapita upande wa bondeni na nyumba zote zenye alama ya X, zile zilizokuwa zingoje kubomolewa, zimepona, wanawake wa mtaa ule wa Chamazi walipiga vigelegele mpaka watu wa mtaa wa pili wakadhani kuna harusi ambayo hawakualikwa. Mama Venance, mjane anayepakana ukuta na Audax, alikaa mchangani akalia. Wanaume walipeana mikono. Audax alipeana mikono kuliko wote, maana yeye ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya waathirika na kila mtu alitaka kumpongeza. Alikuwa anacheka huku jasho linamtiririka mgongoni, na moyoni anajisemea jambo moja tu: mwanamke huyu sasa atataka kupaka rangi.

Mwanamke mwenyewe ni Demetria, mke wake, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Bukoba kama yeye. Na ukuta uliokuwa unamtoa Audax jasho ni ukuta wa mbele wa nyumba yao, ambao kwa miaka minane ulibeba X nyekundu, pana, iliyonyooka kona kwa kona, nzuri kuliko X zote za mtaa. Ilikuwa nzuri kwa sababu iliwekwa kwa brashi, na mtu asiyekuwa na haraka. Watu wa barabara hawakuiweka. Aliiweka Audax mwenyewe.

Kabla hamjamcheka, nisikilizeni kwanza.

Mwaka ule Audax alikuwa amechoka, na sisemi uchovu ule wa kulala ukaamka umekwisha. Alikuwa karani kwenye ofisi moja huko Kinondoni, anatoka nyumbani giza na kurudi giza. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali ya Mwananyamala, na kila jioni ilikuwa lazima apite kumwona, amshike mkono, amsikilize akiuliza habari za migomba. Gladness, binti yake mkubwa, ndiyo kwanza anaingia sekondari. Brightson, mdogo wa Gladness, kifua kinambana kila mvua ikinyesha. Ndugu wa Bukoba nao hawakosi kumpigia simu kumuuliza ile nyumba ya kijijini anaimalizia lini, au anangoja wazee wafe kwanza. Mambo yalikuwa yamemzidi kimo. Na katikati ya yote hayo Demetria, ambaye hana kosa hata chembe, akarudi nyumbani na kadi ya rangi.

Mnaijua kadi ile ya dukani, yenye vipande vidogo vya rangi vilivyopangwa mistari. Demetria alitembea nayo. Akala nayo mezani, akamfuata nayo Audax mpaka mlango wa bafu. Sebuleni tupige putty kwanza, kuta zilainike. Darini tuweke jipsamu. Na nje, baba Gladi, nje mie nataka hii hapa, rangi ya ganda la yai la kuku wa kienyeji, yenye mng'ao kidogo tu, siyo ile inayong'aa kama sufuria mpya. Wewe unaonaje?

"Yoyote," alijibu Audax.

"Yoyote siyo rangi. Nionyeshe kwenye kadi hapa, yoyote iko wapi."

Wiki hiyohiyo watu wa barabara wakapita na makopo yao ya kupuliza. Walipima kwa kamba, wakaweka X kwenye ukuta wa mama Venance, wakaandika namba pembeni, wakageuza gari. Nyumba ya Audax ikabaki salama kwa hatua chache. Mtu mwingine angepiga ishara ya msalaba. Audax alisimama getini akimwangalia mama Venance na majirani waliokuja kumpa pole, akasikia moyoni kitu ambacho kilimwaibisha tangu siku ile: alimwonea wivu. Mama Venance alishafuta machozi na kusema palepale kwamba yeye sasa haongezi hata msumari, haulizwi habari ya dirisha wala ya dari, atakaa hivyohivyo mpaka ijulikane moja. Audax aliyasikia maneno yale akaona mwenzake amepewa likizo.

Jumamosi, Demetria na watoto wakiwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, Audax alienda uani. Kulikuwa na kopo la rangi nyekundu ya mafuta iliyobaki walipopaka geti. Akakoroga, akachukua brashi, akaenda mbele. Saa ile mtaa mzima ulikuwa bondeni kwenye mkutano wa waliowekewa alama. Akapiga mkono mmoja wa rangi, akaona umetoka hafifu. Akasubiri ukauke kidogo, akapiga wa pili. Hakutaka fidia, maana X nyekundu ilijulikana haina fidia. Alitaka miezi mitatu tu ya kutoulizwa kitu. Baadaye angesema kwamba walirudi, wakaona wamekosea, yakaisha.

Demetria aliporudi alisimama mbele ya ukuta na kitabu cha nyimbo mkononi, akaitazama ile X kwa muda mrefu. Aliingia ndani, akafungua droo ya kabati, akaitia ile kadi ya rangi humo, akaifunga droo. Siku ile Audax alipumua.

Lakini uongo haukai pale ulipouweka. Wiki ya pili kamati ikaundwa, wakatafuta katibu, na nani mwenye mwandiko mzuri kuliko karani? Akachaguliwa kwa makofi. Akawa ndiye anayeongoza watu kwenda maofisini, ndiye anayesimama kueleza uchungu wa mwananchi anayelala hajui kesho, na aliueleza vizuri hasa, mpaka mara moja alijiliza mwenyewe. Huku nyumbani maisha yakawa ya kusubiri. Kuta zilibaki saruji tupu. Juu bati, chini joto. Vikombe vya harusi, vile vya udongo vyenye maua ya bluu, Demetria alivifunga kwenye boksi vikae tayari kwa kuhama, na familia ikawa inakunywa chai kwenye vikombe vya plastiki.

Shida za mwaka ule ziliondoka moja baada ya nyingine. Mama alipona akarudi kwenye migomba yake. Kifua cha Brightson kilipoa. Gladness alifika chuo, Dodoma. X peke yake ndiyo haikuondoka, kwa kuwa angeiondoaje? Kila mwaka Audax aliazimia kumwambia mkewe, na kila mwaka ule uongo ulikuwa umekua kidogo, na yeye amezidi kuuogopa.

Sasa basi, baada ya vigelegele, mtu wa barabara alikuja kupita nyumba kwa nyumba kuhakikisha. Kwa Audax alisimama akainamisha kichwa.

"Hii mbona haina namba?"

"Mvua," alisema Audax.

"Mvua imefuta namba, ikaacha X?"

"Ilikuwa mvua ya upande."

Yule bwana aliitazama X, akamtazama Audax, akamtazama Demetria aliyekuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Kisha akaangalia mtaa mrefu uliokuwa unamngoja kwenye jua. "Sawa, mzee. Zote zimefutwa. Pakeni rangi, mkae kwa raha zenu." Akaenda zake. Audax alitafuta pa kukaa.

"Kesho twende kule mtaa wa Rangi Tatu," alisema Demetria. "Dukani."

Dukani Demetria alikuwa mtu mwingine. Miaka minane alikuwa ameipaka nyumba ile kichwani, chumba kwa chumba, na sasa aliimwaga yote bila kusitasita. Jikoni rangi ya mafuta, krimu, moshi ukikamata unafuta kwa kitambaa. Ukumbini nusu ya chini mafuta, rangi ya damu ya mzee, maana mikono ya watu inapita pale. Nusu ya juu rangi ya maji, nyeupe iliyovunjwa kidogo isiumize macho. Chumbani kwao isiyong'aa kabisa, samawati hafifu. "Mtu akilala asimulikwe na ukuta," alimwambia muuzaji. Gladness akapiga simu kutoka Dodoma, ameshatuma picha.

"Mama, siku hizi watu wanaweka kijivu. Kijivu na nyeupe, basi."

"Mwanangu, kijivu ni rangi ya saruji. Nimekaa na saruji miaka minane. Mnaohamia leo ndio muweke kijivu."

Muuzaji akacheka, akauliza, "Na nje je?"

Demetria akageuka. "Nje atachagua baba Gladi. Na asiniambie yoyote."

Audax aliziangalia kadi zilizotandazwa kwenye meza ya kioo. Hakuhitaji kuziangalia. "Ganda la yai la kuku wa kienyeji," alisema. "Yenye mng'ao kidogo. Siyo ile inayong'aa kama sufuria mpya."

Demetria alianza kufunga mkoba uliokuwa umeshafungwa.

"Umekumbuka," alisema.

"Sijaisahau hata siku moja."

Angemwambia palepale. Maneno yalikuwa yameshafika kooni. Lakini muuzaji alishika kalamu akauliza, ndoo ngapi mzee, na Audax akayameza.

Fundi walimchukua yuleyule aliyekuwa anamalizia kwa mama Venance, Abdulrahman, mtu wa Masasi, mwembamba, anayefanya kazi huku anaongea na ukuta. Ndani alimaliza vizuri. Demetria akawa anatembea chumba hadi chumba, anarudi nyuma, anasogea mbele, anaweka kiganja ukutani anakitoa, na Audax, jamani, alimpenda mke wake zile siku mpaka akasikia haya. Kisha fundi akahamia nje.

Mkono wa kwanza ulipokauka, X ilikuwa imesimama palepale, ya pinki. Fundi akasema si kitu, atapiga wa pili. Mkono wa pili ulipokauka, X ikaonekana kwa ndani, nyepesi, kama mshipa chini ya ngozi. Akapiga wa tatu. Asubuhi X ilikuwa imerudi.

"Mzee," Abdulrahman alimwita Audax pembeni, "ile ya kwa mama Venance mie niliizika kwa mkono mmoja tu. Hii ya kwenu ni rangi ya mafuta, tena imepigwa mikono miwili. Nyekundu ya mafuta ukiipaka rangi ya maji juu inapanda tu, haikubali. Ila mie najiuliza, serikali gani hii inayopiga X mikono miwili?"

Audax alisema hajui. Angeweza kuendelea kutojua, kama isingekuwa mama Venance. Mama wa watu alikuja kuazima ngazi, akaiona ile X inachungulia chini ya rangi mpya, akaiacha ngazi ilale. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba X ya katibu imekataa kufutika, kwamba ni ishara, barabara inarudi. Aliyekuwa anapandisha jipsamu akawaambia mafundi wasubiri. Aliyeagiza vigae akapiga simu kuahirisha. Mama Venance aliufunga mlango wake uliopakwa juzi tu, akaanza kuvipanga vyombo vyake kwenye maboksi.

Audax alimwona dirishani akizifunga sahani kwa magazeti, moja moja, taratibu. Miaka minane alikuwa ameogopa kwamba watu watajua, na sasa aliona kuna jambo baya kuliko watu kujua. Yule mama alikuwa amelia akashukuru, na yeye amemrudisha kwenye maboksi. Akapiga moyo konde, akaenda uani kwa mke wake.

Demetria alikuwa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachagua mchele. Audax alibaki amesimama, akasema yote. Alianzia kwa mama hospitalini, akaja kwenye kadi, akaja kwenye wivu, akaja kwenye kopo la geti. Hakujipunguzia. Demetria aliendelea kutoa vijiwe kwenye mchele, anavitupa kimoja kimoja kwa kuku, mpaka Audax alipoishiwa maneno.

"Brashi," alisema Demetria.

"Brashi gani?"

"Ile uliyotumia. Uliiosha kwa mafuta ya taa, ukairudisha safi kuliko ulivyoikuta. Waitu, jamani Audax, mtu ambaye tangu anioe hajaosha hata kijiko."

Audax akakaa chini, palepale kwenye saruji. "Ulijua."

"Nilijua kabla sijafika mlangoni. X za wenzetu zinachuruzika, yako imenyooka. Nani mwingine ana mkono ule?"

"Mbona hukusema?"

Demetria aliweka ungo pembeni. Hakuwa anacheka, wala hakuwa amekasirika. "Nilikuja kusema. Nilikuja chumbani nikuseme mpaka majirani wasikie. Nikakukuta umelala. Mchana kweupe, viatu miguuni, mdomo wazi. Wewe ulikuwa hulali, Audax. Tangu mama alazwe ulikuwa unageuka tu usiku kucha, mie nakusikia, najifanya nimelala ili usijue nakusikia. Nikasimama pale nikasema, basi, mwache alale. Rangi itasubiri."

Audax alitazama mikono yake.

"Nilijua utakaa nayo miezi miwili mitatu, utaniambia," alisema Demetria. "Kidogo nasikia wamekuchagua katibu."

Hapo ndipo kicheko kilipowashika. Kilianza kwa Demetria, mabegani, kikahamia kwa Audax, wakacheka mpaka kuku wakakimbia, mpaka Abdulrahman akachungulia kwenye kona ya nyumba kuona kama kuna usalama. Audax alicheka na machozi yanamtoka, na kila alipojaribu kunyamaza alisikia kifua kimekuwa chepesi, akaanza upya.

"Lakini usidhani yamekwisha," alisema Demetria alipopata pumzi. "Miaka minane nakunywa chai kwenye plastiki. Hayo nitakuambia siku nikiwa na hasira. Sasa nenda kwa mama Venance. Ataumia mgongo na maboksi bure."

Alienda. Alisimama mlangoni akapiga hodi, akaamkia, "Shikamoo mama," akasema bila kuzunguka kwamba ile X yake ni rangi ya geti, na aliyeipaka ni yeye. Mama Venance alimtazama, sahani mkononi.

"Kwa hiyo hairudi?"

"Hairudi mama."

"Na kwangu?"

"Kwako ndiyo kabisa. Barabara imekwenda."

Mama Venance aliiweka sahani chini. Alivuta pumzi ndefu, akaishusha, akashika fremu ya mlango kama anayehakikisha bado ipo. "Basi," alisema. "Hayo mengine utajuana na mkeo." Kisha, Audax alipokuwa ameshafika getini, akamwita. "Katibu. Kwa hiyo sie wenzio tulikuwa waathirika, wewe ulikuwa nani?" Na jina likamkaa. Hadi leo akipita, watu wanasema, huyo mwathirika wa geti anapita, na yeye anainua mkono. Vigae viliagizwa upya siku ileile.

Demetria alimngoja mbele ya nyumba na chuma cha kukwangulia. Fundi alikuwa ameshamweleza kwamba hakuna ujanja, X ile lazima ikwanguliwe mpaka plasta, isuguliwe msasa, ipigwe andakoti, ile rangi ya kutangulia, ndipo ganda la yai lipakwe. Abdulrahman alinyoosha mkono kupokea kile chuma. Demetria akampa mumewe.

Audax alikwangua. Si kazi ndogo, maana alikuwa ameipaka vizuri mno. Jua likapanda, vumbi jekundu likamjaa kwenye nyusi, watu wakaja kuangalia na kutoa maoni, mmoja akamwambia ajitahidi kama alivyojitahidi siku ile. Demetria alileta maboksi barazani akaanza kuyafungua. Vikombe vya maua ya bluu vilitoka kimoja baada ya kingine, akavisuuza, akavipanga juu ya meza, na cha kwanza alichomimina chai akampelekea mumewe ukutani.

Fundi alipiga andakoti, na kesho yake mkono wa kwanza. Wakasubiri. Ukuta ukakauka mweupe-manjano, tulivu, wenye mng'ao kidogo, na haukuwa na kitu chini yake. Akapiga wa pili ili roho za watu zitulie. Mchana Abdulrahman alisuuza rola zake, akakumbuka.

"Mama, bado geti. Linapigwa rangi gani? Nimuulize mzee?"

Demetria akageuka. Audax alikuwa kwenye kiti barazani, kichwa kimelalia ukuta mpya wa pembeni uliokauka jana, viatu miguuni, mdomo wazi, kwenye kucha bado kuna vumbi jekundu. Kikombe cha maua kilikuwa kwenye paja lake, kimeinama kidogo. Demetria alienda taratibu akakitoa.

"Mwache alale," alisema. "Rangi itasubiri."